Nani Alikwenda Vietnam, na kwa Njia Gani?

Vita vya Vietnam viliisha tarehe 30 Aprili 1975, vifaru vya Kaskazini vilipovunja lango la ikulu ya Saigon. Nusu karne imepita na Wamarekani bado hawajapatana juu ya maana ya vita hivyo. Wapo wanaoviona kama kazi ya heshima iliyotelekezwa na wanasiasa, na wapo wanaoviona kama dhuluma tangu siku ya kwanza. Mwalimu wa historia wa Marekani hana budi kulifundisha jambo hili mbele ya watoto ambao babu zao walisimama pande zote. Katika darasa moja anaweza kukaa mjukuu wa askari aliyepigana Vietnam, mjukuu wa kijana aliyekimbilia Kanada asiandikishwe, mjukuu wa mkimbizi wa Saigon, na mtoto ambaye familia yake imetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu au Kakuma, anayerudi nyumbani jioni na kumwuliza mama yake kwa Kiswahili vita vile vilihusu nini. Namwandikia mama huyo, na pia mwalimu yeyote, wa huko au wa kwetu, anayetaka kuwafungulia vijana mlango wa vita vilivyoigawa nchi, bila kuanza kwa kuwagawa wao.

Somo hili mara nyingi huanzia pabaya. Mwalimu anaandika ubaoni: Je, Marekani ilifanya haki kuingia Vietnam? Mikono inapanda, darasa linagawanyika, na kila upande unatetea jibu uliotoka nalo nyumbani. Tangu hapo ushahidi unakuwa silaha ya kubishania, wala haumfundishi mtu kitu. Swali lenyewe ni la haki na lazima lifikiwe, ila mahali pake ni mwishoni. Hoja yangu ni kwamba swali la kwanza liwe hili: nani alikwenda, na alifikaje huko? Swali hili lina majibu yanayoweza kuchunguzwa kwa tarehe, sheria na takwimu. Tena ndipo mahali ambapo maamuzi ya wakubwa yalimgusa kijana aliyemzidi mwanafunzi wetu miaka miwili au mitatu tu. Mwanafunzi akishaelewa mlango ambao askari aliupitia, ataelewa kwa nini nchi iligombana, na hukumu atakayoitoa baadaye itakuwa yake mwenyewe.

Historia ya juu inaweza kusimuliwa kwa ufupi. Wafaransa, wakoloni wa Vietnam, walishindwa Dien Bien Phu mwezi Mei 1954. Mkutano wa Geneva ukaigawa nchi kwa muda, Kaskazini ya kikomunisti na Kusini, katika mstari wa latitudo ya 17, na uchaguzi wa kuiunganisha uliopangwa kufanyika 1956 haukufanyika. Marekani ikasimama nyuma ya serikali ya Kusini kwa fedha na washauri wa kijeshi. Mwezi Agosti 1964 ikatangaza kwamba manowari zake zilishambuliwa mara mbili katika Ghuba ya Tonkin, na Rais Lyndon Johnson akapewa idhini ya kutumia nguvu: wawakilishi 416 kwa sifuri, maseneta 88 kwa 2. Leo tunajua kwamba shambulio la pili, lile la tarehe 4 Agosti, halikutokea. Tarehe 8 Machi 1965 kikosi cha kwanza cha wapiganaji wa nchi kavu kilishuka Da Nang, na ilipofika Aprili 1969 askari wa Marekani huko walikuwa wapatao 543,000. Vita havikutangazwa rasmi hata mara moja. Nchi iliingia hatua kwa hatua, na kila hatua ilihitaji vijana wengine.

Vijana hao walitoka wapi? Hapa mwalimu atulie, maana hapa ndipo kiini cha ugomvi. Sheria iliwaweka wanaume wa miaka 18 hadi 26 chini ya uandikishaji wa lazima, na uamuzi wa nani aitwe ulikuwa mikononi mwa bodi ndogo za mitaa, zenye wajumbe waliofahamiana na familia za pale. Aliyekuwa chuo kikuu aliahirishiwa mpaka amalize masomo. Mwenye daktari wa familia aliweza kupata barua ya kueleza ugonjwa wake, na mwenye watu wa kumfanyia mpango aliweza kupata nafasi katika Ulinzi wa Taifa wa jimbo lake, ambao kwa sehemu kubwa haukupelekwa Vietnam. Mtoto wa mkulima au wa mfanyakazi wa kiwanda, aliyeishia sekondari, hakuwa na mlango wa pili. Isitoshe, mwaka 1966 Waziri wa Ulinzi Robert McNamara alianzisha mpango wa kupokea watu ambao hapo kabla wangekataliwa kwa kushindwa mitihani ya uwezo ya jeshi, na zaidi ya 300,000 waliingia kwa njia hiyo. Serikali iliueleza mpango huo kama msaada kwa maskini. Mwanafunzi akiambiwa mambo haya, haraka atauliza yale waliyoyauliza watu wa wakati ule: kama vita ni vya taifa zima, mbona mzigo unabebwa na nyumba chache?

Serikali ilijaribu kulijibu swali hilo kwa kura. Usiku wa tarehe 1 Desemba 1969, mbele ya kamera za televisheni, vichupa 366 vya plastiki ya buluu viliwekwa ndani ya gudulia kubwa la kioo, kila kimoja na tarehe moja ya mwaka. Wanaume waliozaliwa kati ya 1944 na 1950 walikaa kusubiri tarehe zao za kuzaliwa. Cha kwanza kufunguliwa kilikuwa na tarehe 14 Septemba, kwa hiyo waliozaliwa siku hiyo wakapata namba 1. Kutokana na kura hiyo, walioitwa waliishia namba 195. Waliopata namba za juu zaidi wakaendelea na maisha yao. Baadaye wataalamu wa takwimu walionyesha kwamba tarehe za miezi ya mwisho, hasa Desemba, zilitoka mapema kupita kiasi, kwa sababu vichupa vilimiminwa kufuata mpangilio wa miezi na havikuchanganywa vya kutosha. Orodha ya kura ile inapatikana, na kila mwanafunzi anaweza kutafuta tarehe yake. Zoezi hilo lifanywe kwa heshima, bila kuligeuza mchezo, na lifuatwe na kuandika: ungefanya nini na namba hii, na ungehitaji kujua nini kabla ya kuamua?

Msomaji wa Kiswahili anamfahamu mtu mmoja aliyeamua. Wakazi wa Kinshasa waliomshangilia Muhammad Ali mwezi Oktoba 1974 walikuwa wakimtazama akirudisha ubingwa aliovuliwa mwaka 1967, pale alipokataa kuandikishwa jeshini huko Houston. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitano, akabaki nje kwa rufaa, akafungiwa ngumi kwa zaidi ya miaka mitatu ya ubora wake, mpaka Mahakama ya Juu ilipoifuta hukumu mwaka 1971. Nyuma ya kukataa kwake kulikuwa na hesabu iliyowaumiza Wamarekani weusi: mwaka 1965 takriban mmoja kati ya kila watano waliouawa vitani alikuwa mtu mweusi, ilhali watu weusi walikuwa kama asilimia 11 ya raia. Malalamiko yalipozidi sehemu hiyo ilishuka, na kwa vita vizima ilifikia kama asilimia 12. Takwimu zote mbili ni za kweli. Anayetaja ile ya kwanza tu anaacha mwisho wa habari, na anayetaja ya pili tu anaficha kilichowasukuma watu barabarani. Ni somo zuri kwa kijana, kujua kwamba namba lazima iulizwe ni ya mwaka gani.

Vivyo hivyo, picha zilizozoeleka zinahitaji kuchekechwa. Husemwa kwamba askari wa Vietnam walikuwa watoto wa miaka 19 waliokokotwa kwa nguvu. Ukweli ni kwamba wastani wa umri wa waliokufa ulikuwa kama miaka 23, na karibu theluthi mbili ya waliotumikia huko walikuwa wamejiunga wenyewe. Lakini wengi walijiunga kwa kuwa waliiona barua ya wito inakuja, wakapendelea kuchagua tawi la jeshi kuliko kuchaguliwa. Hiari ya namna hiyo si hiari kamili, na si shuruti kamili. Kijana anayeweza kukaa na ugumu huo bila kuuharakisha ameshaanza kufikiri kama mwanahistoria.

Baada ya mlango unakuja mwaka. Askari wa jeshi la nchi kavu alipelekwa Vietnam kwa miezi 12, yule wa kikosi cha Marine kwa miezi 13, na kila mtu alikuwa na tarehe yake ya kurudi. Wengi hawakwenda wala kurudi na kikosi chao, kama ilivyokuwa kawaida katika Vita vya Pili vya Dunia. Mtu alifika peke yake kwa ndege ya abiria, akaingizwa kati ya wageni kwake, akaweka alama kwenye kalenda kila siku, na zamu yake ilipokwisha akapanda ndege peke yake. Ofisa aliyewaongoza mara nyingi alikaa kwenye uongozi miezi sita tu kisha akahamishwa, akaja mwingine wa kuanza kujifunza upya kwa gharama ya wale wale. Mgeni wa kikosi alikuwa hatari kwa wenzake kwa sababu hakuijua mitego ya njiani, na aliyebakiza wiki mbili alikuwa na sababu ya kuogopa kuliko wote. Kisha, ndani ya siku mbili tatu, mtu alitoka kwenye matope na milipuko akajikuta sebuleni kwa wazazi wake, hana hata mmoja wa kuzungumza naye juu ya aliyoyaona. Ni kweli pia kwamba wengi wa waliotumikia hawakuwa wapiganaji wa mstari wa mbele. Walikuwa madereva, mafundi, makarani, wapishi na wauguzi katika kambi kubwa kama Long Binh, na ushuhuda wao ni sehemu ya vita kama ule wa askari wa miguu.

Madhara ya mwaka huo yalichukua muda kupata jina. Mwaka 1980 ndipo wataalamu wa magonjwa ya akili wa Marekani walipouingiza katika mwongozo wao msongo unaomwandama mtu baada ya kiwewe, na waliopaza sauti zaidi kuudai utambuzi huo walikuwa askari wa Vietnam na madaktari waliowasikiliza. Utafiti ulioagizwa na Bunge ukakadiria mwishoni mwa miaka ya 1980 kwamba wanaume kama watatu katika kila kumi waliotumikia huko walikuwa wamewahi kuugua. Uchambuzi mpya wa 2006 ulikishusha kiwango hicho hadi karibu wawili katika kumi. Hata kwa kiwango cha chini, tunazungumzia mamia ya maelfu ya watu.

Pingamizi zito kuliko yote ni hili: ukianza na askari, huruma itaimeza haki. Wanafunzi watampenda kijana aliyelowa mvua msituni, watasahau mabomu yaliyoangushwa juu ya vijiji, na vita vya kivamizi vitasafishwa kwa machozi ya mvamizi. Pingamizi hili lina uzito, na vipo vitabu na filamu nyingi vinavyolithibitisha. Jibu langu liko katika tarehe 16 Machi 1968, katika vitongoji vya My Lai, mkoa wa Quang Ngai. Luteni William Calley na askari wa kampuni ya Charlie waliingia asubuhi wakitarajia kumkuta adui. Wakakuta wazee, wanawake na watoto, wakawaua kwa saa kadhaa. Jeshi la Marekani lilihesabu waliouawa 347; Wavietnam wanahesabu 504. Asubuhi hiyo hiyo rubani wa helikopta, Hugh Thompson, aliona miili kutoka juu. Akatua kati ya askari wenzake na kundi la wanavijiji waliojificha, akawaambia wenzake wawili wa helikopta, Lawrence Colburn na Glenn Andreotta, wawafyatulie risasi Wamarekani iwapo wangewashambulia watu wale. Akaita helikopta nyingine kuwaondoa, na Andreotta akaingia mtaroni katikati ya maiti akamtoa mtoto aliyekuwa hai. Thompson na Calley walikuwa na umri mmoja, miaka 24. Vita vilikuwa ni vile vile, na jeshi lao lilikuwa moja.

Mwanafunzi aliyeufahamu mwaka wa askari, hofu yake, hasira ya kupoteza wenzake kwa mabomu ya kutegwa, ataelewa jinsi kampuni ya Charlie ilivyofika hapo. Atakapofika kwa Thompson, kuelewa huko hakutaweza kugeuka udhuru. Zipo njia nyingine za kuzungumzia haki za vita, lakini sioni inayombana kijana kuliko hii, kwa sababu haimruhusu kusema kwamba mfumo ulifanya yote, wala kwamba watu wachache wabovu walifanya yote. Na yafuatayo yasiachwe: habari ilifichwa mwaka mzima, mpaka Ronald Ridenhour, askari ambaye hakuwapo lakini aliyesikia kwa wenzake, alipowaandikia viongozi mwezi Machi 1969. Calley alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 1971, na sehemu kubwa ya muda mfupi aliotumikia aliimaliza katika kizuizi cha nyumbani. Thompson alitunukiwa medali mwaka 1998.

Wengine watasema ushuhuda wa askari hautegemewi, kwa kuwa kumbukumbu hujipamba. Mfano uliojadiliwa sana ni ule wa askari waliorudi wakatemewa mate na waandamanaji. Mwaka 1998 mwanasosholojia Jerry Lembcke, ambaye naye alitumikia Vietnam, alichapisha kitabu akidai kwamba hakuona ushahidi wa wakati ule wa matukio hayo, na kwamba simulizi hizo zilienea miaka mingi baadaye. Wapo waliompinga na kutaja taarifa walizozipata magazetini. Sioni sababu ya kukimbia mjadala huo. Mwanafunzi apewe pande zote mbili, kisha aulizwe: barua iliyoandikwa 1968 na mahojiano yaliyorekodiwa 2003 vinaweza kutuambia mambo gani tofauti? Mahojiano hayo yapo kwa maelfu katika mradi wa Maktaba ya Bunge la Marekani ulioanzishwa mwaka 2000. Mtu anaposema miaka thelathini baadaye kwamba alijiona ametemewa mate, tunapata kitu cha kweli kuhusu miaka thelathini yake, hata kama hatuna uhakika wa tukio.

Upungufu mkubwa wa masomo mengi ni kwamba askari maana yake Mmarekani. Serikali ya Vietnam ilitoa hesabu mwaka 1995: wapiganaji wa upande wake milioni 1.1 walikufa, na raia wa kaskazini na kusini milioni 2. Marekani ilipoteza watu zaidi ya 58,000. Swali letu la nani alikwenda likiulizwa kwa upande wa pili, linaleta majibu mengine kabisa. Kijana wa Kaskazini aliteremka kwa miguu milima ya Truong Son kwa wiki na miezi, hana tarehe ya kurudi mpaka vita viishe au aishe yeye. Dang Thuy Tram, daktari kijana wa Hanoi, alikwenda kwa njia hiyo akaendesha zahanati ya msituni katika wilaya ya Duc Pho, mkoa ule ule wa Quang Ngai. Aliandika shajara kuhusu wagonjwa waliomfia mikononi, upweke, chuki yake kwa wavamizi, na hamu ya chama kumkubali. Aliuawa na askari wa Marekani mwezi Juni 1970, ana miaka 27. Askari wa upelelezi wa Marekani, Fred Whitehurst, alikuwa akichoma karatasi zisizo na faida ya kijeshi, na mkalimani wake, sajenti wa jeshi la Vietnam ya Kusini, akamsihi asiichome hiyo. Whitehurst aliihifadhi miaka 35. Mwaka 2005 nakala ikamfikia mama mzazi huko Hanoi, na shajara ilipochapishwa ikanunuliwa kwa mamia ya maelfu.

Tumtazame huyo sajenti. Bila yeye shajara ingekuwa majivu, na watu wa jeshi lake ndio wanaosahauliwa na kila upande. Vijana wa Kusini waliandikishwa bila kikomo cha mwaka mmoja. Kati ya 200,000 na 250,000 hivi waliuawa. Baada ya 1975 wengi wa walionusurika walifungiwa makambi ya kufunzwa upya, wengine kwa zaidi ya miaka kumi. Hanoi iliwaita vibaraka, na Wamarekani wengi waliwalaumu kwa kushindwa. Huko Washington, ukuta wa granaiti nyeusi uliobuniwa na Maya Lin akiwa mwanafunzi wa miaka 21, na kuzinduliwa mwaka 1982, umeandikwa majina ya Wamarekani kwa mfuatano wa tarehe walizopatwa na mauti. Majina ya wenzao wa Saigon hayamo. Wanafunzi wanaojifunza kuusoma ukuta huo wajifunze pia kuuliza nani hayumo.

Kuna wasiwasi wa mwisho, wa wazazi zaidi kuliko wasomi: kwamba mwalimu atapenyeza siasa zake. Mwalimu hawezi kuwa kati kwa kati juu ya mambo yaliyothibitishwa. Hawezi kusema labda shambulio la tarehe 4 Agosti lilitokea, wala kuyanyamazia makaburi ya halaiki yaliyokutwa Hue baada ya wakomunisti kuushikilia mji huo mwaka 1968. Anachoweza ni kuchelewesha hukumu, kuweka hati zote mezani, na kuwaachia vijana nafasi ya kufikia majibu tofauti na lake. Kuhusu ukatili, picha za My Lai hazihitajiki kwa mtoto wa miaka 14. Maelezo ya alichokifanya Thompson yanatosha.

Kwa familia zetu zilizoko Marekani, swali hili si la babu wa watu wengine. Uandikishaji wa lazima ulikoma mwaka 1973, lakini daftari lake lilirudishwa mwaka 1980 na lipo mpaka leo. Sheria inataka karibu kila mwanamume anayeishi nchini humo, raia au mhamiaji, mkimbizi akiwemo, awe ndani ya daftari la Selective Service anapofika miaka 18, na aliyekwepa anaweza kuulizwa habari hiyo siku anapoomba uraia. Mvulana aliyezaliwa Kigoma na sasa anasoma sekondari Texas anaweza kuingizwa katika daftari hilo mwaka ule ule anaofundishwa habari za gudulia la kioo na vichupa vya buluu, na mwalimu wake ana kila sababu ya kuvisomesha viwili hivyo kwa pamoja.